Ijumaa ya Kuhesabu Watoto

"Usinitajie Mungu kabla hujanijibu," Bi Verlean alisema, na koleo la theluji akalichomeka kwenye lundo likasimama peke yake. "Nimekuuliza jambo moja tu. Siku ile mlimfuata Tamiyah kwa sababu gani?"

Charmaine Goodlow alikuwa ameshika mlango wa gari lake, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama mtu anayepima kipi kitamwokoa, injini au ulimi. Akasema walimfuata kwa kuwa walimpenda. Akasema shule ni familia. Akasema Bi Verlean amesikiliza maneno ya watu wasio na kazi, na hapo akatupia jicho baraza langu, ambako mimi na binamu yangu Roscoe tulikuwa tumesimama na vikombe vya kahawa katika baridi ambayo mwenye akili zake hatoki nje. Sikujali. Mtaa wetu wa kaskazini mwa Milwaukee nyumba zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya jikoni, jirani anakuombea afya kutoka dirishani kwake. Ugomvi wa njiani ni wa wote.

"Familia," Bi Verlean akarudia. "Familia gani inambeba mtoto na homa yake, halafu inamfukuza kabla mwezi haujaisha?"

Charmaine akasema hayo si maneno ya kusemea barabarani.

"Barabarani ndiko mlikomchukulia."

Hawa wawili hawakuwa maadui, na hilo ndilo lililotutoa nje na kahawa zetu. Wanaishi nyumba moja, Charmaine ghorofa ya juu, Bi Verlean ya chini, mlango wa mbele mmoja, ngazi moja, njia moja ya kukwangua theluji. Charmaine alipoachwa na mumewe, ni Bi Verlean aliyekwenda kumbembeleza mwenye nyumba ampe ile ghorofa ya juu. Mwanawe alipolazwa kwa ugonjwa wa selimundu, ni Bi Verlean aliyekesha naye hospitali ili mama mtu apate kulala. Sisi wengine tunasema Bi Verlean. Charmaine alikuwa akimwita Mama Verl. Kwa hiyo alipopata kazi katika shule mpya, kazi ya kutafuta wazazi, mlango wa kwanza aliougonga ulikuwa ule ulio chini ya miguu yake mwenyewe.

Shule inaitwa Lango la Neema. Iko kwenye jengo lililokuwa duka la fanicha, na ukitazama vizuri ukutani bado unaona kivuli cha herufi za zamani zilizokuwa zikitangaza magodoro. Ni shule ya binafsi, lakini kwetu hilo halina maana ya shule ya matajiri. Jimbo linatoa vocha: mzazi mwenye kipato kidogo anachagua shule anayoitaka, na pesa ya ada inamfuata mtoto huko. Vocha hizi zipo tangu mimi nina kiuno. Tumebishana juu yake saluni, kanisani na hata kwenye misiba. Wako ambao watoto wao walifika mbali kwa njia hiyo, na ukizisema vibaya watakupiga kwa mkoba. Mpwa wangu mwenyewe ni daktari wa meno, alisomeshwa na vocha kwa masista, na sitaki kusikia mtu akimwambia hakufaidi. Na wako waliokwenda asubuhi wakakuta mlango wa shule una mnyororo. Ni kama ndoa. Unachagua mwenyewe, na bado hujui umechagua nini.

Tamiyah ni mjukuu wa Bi Verlean. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, na bibi ndiye mama anayemjua. Ana miaka tisa, mcheshi, anaigiza kila mtu mtaani pamoja na mimi, na nyimbo zote za kanisani anazo kichwani kwa sababu kitabu cha nyimbo hakimsaidii. Herufi zinamkimbia. Katika shule ya serikali iliyo pale kona alikuwa na Bi Hargrove, mwalimu wa kusoma, aliyemketisha pembeni kila asubuhi na kumkamatia zile herufi moja moja kama mtu anayekamata kuku. Sheria inailazimisha shule ya serikali kumpa mtoto wa namna hiyo msaada. Mwezi wa tano Tamiyah alisoma kwa sauti maandishi yote ya nyuma ya pakiti ya unga wa mahindi, na Bi Verlean akatuita majirani tuje tusikie. Tulijaa jikoni tukapiga makofi kwa ajili ya maelekezo ya kuoka mkate.

Ndipo Charmaine akashuka na keki ya limau. Alisema pale kona madarasa yamejaa, na watoto wanapigana uwanjani, jambo ambalo ni kweli. Alisema Bi Hargrove ni mzuri lakini ni mmoja na anagawanywa vipande vipande. Lango la Neema darasa ni dogo, kuna sala asubuhi, sare nzuri ya rangi ya zambarau, na kila mtu atamjua Tamiyah kwa jina. Alisema yote hayo, akaacha moja: kwamba ile haki ya kusaidiwa haihami pamoja na mtoto. Vocha inahama. Haki inabaki kona.

Bi Verlean aliniuliza mimi nasemaje. Nilimwambia kama Charmaine anasema ni pazuri, basi ni pazuri, maana anawezaje kumpeleka mtoto wa Verl mahali pabaya kisha akapanda ngazi zile zile kila jioni?

Mwanzo ulikuwa mzuri. Sare ilimkaa. Kusoma hakukwenda mbele sana, lakini tulidhani ni ugeni. Kisha ikaja ile Ijumaa ya Januari. Tamiyah alikuwa na homa tangu katikati ya wiki, kalala kwenye kochi. Asubuhi Charmaine akagonga, gari dogo la shule linanguruma nje, akasema wenzake wote wanamuulizia, mwalimu anamuulizia, shule haijakamilika bila yeye. Atakaa kidogo tu, kisha atarudishwa. Akamfunga blanketi akambeba mwenyewe mpaka garini, na mchana akamrudisha na kipande cha piza ambacho mtoto hakukigusa.

Bi Verlean alilisimulia jambo hilo kila mahali. Alilisimulia saluni, alilisimulia kwenye kwaya, alimsimulia mtu wa posta. Walimjia kwa gari, alisema. Niambieni shule nyingine inayomjia mtoto mgonjwa kwa gari. Na sisi tukatikisa vichwa kwa mshangao pamoja naye. Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa la watu wa kwetu: tumezoea kutotafutwa. Mtu akikutafuta, unadhani umependwa.

Mwezi ulikuwa haujaisha Bi Verlean alipoitwa shuleni. Mkurugenzi, Bwana Pruett, alimkalisha kwenye kiti laini akamwambia, kwa upole wa muuza majeneza, kwamba Lango la Neema si mahali panapomfaa Tamiyah, na kwamba itakuwa vyema wakiondoka kwa hiari kuliko kwa barua. Tamiyah alikuwa amekaa nje ya mlango ule. Ni mlango mwembamba, sauti inapita.

Wakarudi kona. Shule ya serikali haiwezi kumkataa mtoto, ikampokea. Lakini Bi Hargrove hakuwepo. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo watoto walionekana wamepungua, basi akahamishiwa shule ya kusini mwa jiji, mbali huko. Tamiyah mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopungua. Na pesa ya mwaka ule haikurudi naye. Ilikwisha kukaa kwa Bwana Pruett. Wakaambiwa mtoto atapimwa upya kama anastahili msaada, na kupimwa kuna foleni.

Hayo Bi Verlean angeyameza. Amemeza mengi huyo. Lililomshinda ni mtoto. Tamiyah aliacha kuigiza watu. Siku moja alikuwa jikoni kwangu, nikamwomba anisomee jina kwenye kopo la nyanya, kwa kumchokoza tu, miwani yangu iko kichwani. Hakulitazama kopo.

"Sijui kusoma, Bi Ola," akasema. "Ndiyo maana walinitoa."

Bibi yake alimwambia sivyo. Alimwambia asubuhi, alimwambia jioni, alimwambia huku anamsuka. Lakini bibi ni bibi. Bibi atakwambia unaimba vizuri hata ukipasua glasi. Mtoto alitaka kusikia kutoka kwa waliomtoa, na waliomtoa walikuwa hawasemi.

Yaliyosalia yalitoka kwenye samaki wa Ijumaa. Ukumbi wa parokia, kambare na sangara wa kukaanga, kabichi, mkate mweusi. Hata sisi Wabaptisti huenda kwa Wakatoliki siku hiyo, kwa imani ya tumbo. Kwenye foleni mama mmoja alikuwa akisema mtoto wake naye ametolewa Lango la Neema. Mwingine nyuma yake akasema na wake pia, yule anayeshindwa kutulia. Roscoe, ambaye hajawahi kupita mazungumzo bila kuingiza mguu, akauliza, "Walitolewa baada ya Ijumaa ya hesabu?"

Watu wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha. Nani kwetu hajui Ijumaa ya hesabu? Mara moja Septemba, mara moja Januari, jimbo linahesabu watoto, na pesa inakwenda pale kichwa kilipoketi. Hata watoto wanaijua. Wanaiita siku ya piza, maana shule, za serikali na za binafsi, hupika vishawishi ili mtu asibaki nyumbani. Lakini mwanamke mwenye mtoto anayechemka mikononi hafikirii kalenda ya jimbo. Nilimtazama Bi Verlean. Aliweka uma chini taratibu, akafunga samaki wake ndani ya karatasi, akavaa koti. Hakumuaga mtu.

Asubuhi yake ndiyo hiyo ya koleo.

"Ilikuwa Ijumaa ya hesabu," akamwambia Charmaine. "Sema. Sitaki kuambiwa na foleni ya samaki. Nataka kuambiwa na wewe."

Charmaine akautoa mguu uliokuwa garini. Akakubali, kwa sauti ndogo, kwamba ilikuwa. Kisha, sijui ni dhamiri au ni ule ujinga unaompata mtu akianza kusema kweli asijue pa kuishia, akaongeza kwamba hata haikuwa lazima kumbeba. Upo utaratibu wa mtoto mgonjwa, wangeweza kumhesabu akiwa kwenye kochi. Bwana Pruett ndiye hakutaka usumbufu wa kueleza.

Roscoe aliacha kunywa kahawa yake.

Bi Verlean akaliegemea koleo lake, akipumua mvuke. Nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa anatafuta swali lililo chini ya lile la kwanza.

"Kulikuwa na watoto wengine wanaowapa kazi pale," akasema. "Wewe mwenyewe ulinihadithia. Yule aliyevunja dirisha yupo mpaka leo. Kwa nini wangu?"

"Mama Verl, tuingie ndani."

"Kwa nini wangu, Charmaine?"

"Bwana Pruett alituuliza ni familia zipi hazitapiga kelele."

"Wewe ukasema nini?"

Charmaine alikuwa analia sasa, na machozi katika baridi ile ni adhabu. "Nikasema wewe ni mtu wa amani."

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilitujua vizuri, lilijua hata pa kuanzia kuuma. Miaka yote ile Bi Verlean hajawahi kumpandishia mtu sauti, hata mwenye nyumba, hata yule kijana aliyemgongea gari, na wema huo ndio uliopelekwa mezani kwa Bwana Pruett ukawekwa mbele yake kama sahani.

Charmaine akaanza kujitetea. Mtoto wake ni mgonjwa, bima yake ya matibabu imeshikwa na kazi ile, Pruett alikuwa anamkodolea macho. Asingesema yeye, angesema mwingine.

"Basi ungemwachia huyo mwingine," Bi Verlean alisema. "Na usiniite Mama."

Akang'oa koleo lake kwenye theluji akaingia ndani. Charmaine alisimama pale mpaka injini ikamchosha, akaondoka. Roscoe aliniambia, "Ola, twende ndani," na ni mara ya kwanza katika maisha yake kutaka kuondoka penye jambo.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika saluni, na sitasema ilifikaje. Mtaa ulimfanyia Charmaine kama mitaa inavyofanya. Salamu zikawa fupi. Kijana anayemwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi za watu akawa anamaliza gunia kabla ya kufika kwenye gari lake. Jumapili benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi pande zote mbili, na hata mchungaji, ambaye ni mtu wa kusamehe kwa kazi, alimpa mkono kama anayepokea risiti. Aliendelea kwenda kazini. Wengine walisema angekuwa na haya angeacha. Mimi nilisema hivyo pia, halafu nikakumbuka yule mtoto wake na hospitali, nikanyamaza kidogo, kisha nikasema tena.

Bi Verlean hakusema lolote. Hilo ndilo lililotutisha. Aliendelea kufua, kupika, kumpeleka mtoto kona. Hatua za Charmaine zikisikika juu ya dari, aliongeza sauti ya redio. Nilimuuliza kama ataishtaki shule. Akasema amekwenda ofisi za elimu, wamemsikiliza vizuri, wakamwambia mzazi alikuwa huru kuchagua. "Nilichagua, Ola," akaniambia. "Wananikumbusha kila ninapokwenda. Nilichagua kwa sababu ya mtu."

Februari ilipokuwa inaisha, Jumapili moja baada ya ibada, tulikuwa kwake kama kawaida. Sukuma wiki iliyochemka na bata mzinga wa moshi, makaroni ya jibini yaliyookwa mpaka ukingo ukawa mgumu, viazi vitamu, kuku. Roscoe alikuwa anagombana na mume wangu juu ya mpira. Tamiyah alikuwa anapanga vijiko, kimya, kila kijiko kimenyooka kama cha hotelini. Ngazi za ndani zikalia. Tukageuka wote, maana zile ngazi tunazijua.

Charmaine alikuwa bado na kofia yake ya kanisani. Alisimama kwenye mlango wa ndani, asiukanyage mkeka. Akasema hakuja kusumbua. Akasema amemwomba Mungu msamaha na amekuja kumwomba Bi Verlean. Akasema anamjua mwalimu mstaafu, ni rafiki wa mama yake, anaweza kuja kumfundisha Tamiyah Jumamosi, na yeye Charmaine atalipa yote.

Bi Verlean alikuwa amesimama na taulo la jikoni begani. Alitoka mpaka mlangoni, akauvuta nyuma yake, lakini mlango ule haufungi vizuri, na mimi nilikuwa nimekaa karibu.

"Sitaki mwalimu wako," akamwambia. "Wala huo msamaha sijaufikia, usinisukume. Kuna kitu kimoja unacho na mimi sina. Mtoto anaamini alitolewa kwa sababu ni mjinga. Nimemwambia sivyo mpaka nimekauka koo. Haniamini mimi. Mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwa nini alifuatwa na homa yake. Kwa nini alitolewa. Na jina lake alilitaja nani."

Charmaine akageuka kuzitazama ngazi. "Ana miaka tisa," akasema. "Atanichukia."

"Ndiyo."

"Aliwahi kulala kitandani kwangu, huyu. Ananiita shangazi."

"Najua anakuitaje."

Charmaine akashusha sauti zaidi, nikalazimika kuinama. Alisema Bwana Pruett akisikia kwamba amesema mambo yale mbele ya watu, kazi imekwisha, na bima imekwisha, na mtoto wake je? Akachungulia kwenye ule upenyo, akaliona sikio langu.

"Atasikia," Bi Verlean alisema. "Ola yuko hapa. Watasikia mpaka Chicago. Mimi siwezi kukuhakikishia kazi. Wewe hukunihakikishia chochote. Nakuuliza tu, utamwambia au unapanda juu?"

Juu, mtoto wa Charmaine alikuwa anacheza muziki. Nyuma yangu Tamiyah alikuwa ameacha vijiko. Naye alikuwa amesikia, si yote, lakini jina lake alilisikia, na alikuwa anautazama ule mlango kama alivyokuwa akitazama ukurasa, kichwa kimeinama upande mmoja, anasubiri kitu kitulie.

Charmaine alivua kofia. Nywele zilikuwa hazijasukwa, zimefungwa tu nyuma, na bila ile kofia alionekana mdogo kuliko umri wake. Hakusema ndiyo. Aliitikia kwa kichwa mara moja, na mikono yake ikawa haijui iweke wapi ile kofia.

Bi Verlean hakumkumbatia. Hakumshika hata bega. Alimtazama kwa muda, uso wake ule ule wa siku ya koleo, kisha akausukuma mlango kwa mgongo ukafunguka wote, na sisi sote tukawa pale mezani, vinywa wazi, hatuna pa kujificha.

"Ola, sogea," akasema. "Sogeza kiti kile hapo, karibu na mtoto." Halafu akamgeukia. "Jambo hili halisemwi kwa tumbo tupu, na yeye hatalisikia kwa tumbo tupu. Ingia, Charmaine. Ingia ule."